Maneno Niliyomwekea Ileruna Mdomoni

Kakuma,
Jumapili, 14 Julai 2013

Kwako dada yangu Helen,

Ejok, hujambo? Natumaini barua hii itakukuta hapo Nawoitorong, Lodwar, ukiwa mzima, mgongo umepoa, na wageni wanakuacha upumzike japo kidogo. Baba yuko vipi huko Longech? Nilisikia ana kikohozi. Mimi mwili hauna neno, ila moyo ndio haunipi nafasi. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui naenda wapi. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara tatu, na mara zote tatu niliishia kukuuliza habari za mvua. Kwa hiyo nimeshika kalamu.

Uliuliza kama ni kweli nilifukuzwa kanisani. Sikufukuzwa, ila nilisimamishwa mbele ya watu. Wacha nikueleze tangu mwanzo.

Unajua nafanya kazi kwa Ayuen, yule Mdinka mwenye kibanda cha gemu kambini. Kazi yangu ilikuwa kuuza soda na kuwasha jenereta. Mwaka jana akaleta gemu moja yenye sehemu tatu, ya mapanga na farasi na majoka, na hadithi yake yote imeandikwa kwa Kiingereza. Wachezaji wengi husoma Kiarabu tu, wengine hawasomi kabisa, wakawa wanazunguka na farasi wao bila kujua wanatafuta nini. Ayuen akaniambia kwamba kwa vile nilimaliza kidato cha nne, nisimame kando ya skrini niwasomee kwa Kiswahili. Nikafanya hivyo.

Katika gemu hiyo kuna muumba, mwanamke anayeitwa Ileruna. Aliumba nchi saba, na kila alipomaliza nchi moja aliiachia kitu chake mwenyewe. Ya kwanza aliipa macho yake yakawa maziwa mawili, ya pili akaipa nywele zikawa misitu, hivyo hivyo hadi ya saba, aliyoipa sauti ikawa upepo. Tangu hapo haoni wala hasemi. Mchezaji hamkuti yeye, anakuta mawe yake, na kila jiwe lina maandishi. Watu walimpenda, dada. Walianza kuja hata wasiotaka kucheza, wakajaa kwenye mabenchi kusikia jiwe la leo linasema nini.

Mmoja wao alikuwa Akuei, fundi cherehani, mtu wa miaka hamsini hivi. Yeye na mkewe Adut walipotezana na watoto wao wawili walipokuwa wakikimbia vita, na hadi leo hawajui kama wako hai. Kila siku saa tisa alikuja na sindano imechomekwa kwenye kola, akakaa benchi ya mbele. Mwezi wa pili mwaka huu wachezaji wakafika kwenye jiwe la nchi ya sita, penye makaburi. Kabla sijafungua mdomo, Akuei akauliza, “Binti yangu, huyo mama anasema nini juu ya watu walipotea?”

Nilikuwa nimeshasoma kimoyomoyo. Jiwe lilisema kwamba nchi ya sita Ileruna aliipa kumbukumbu yake, na kwamba tangu siku hiyo hajui jina la mtu yeyote, awe hai au amekufa. Nikamtazama Akuei usoni. Nikasema, “Anasema anawajua wote kwa majina. Anasema ukitaja jina mbele ya jiwe hili, atasikia.”

Ilinitoka tu. Akuei akasimama, akavua kofia, akataja watoto wake, Majok na Abuk. Hakuna aliyecheka. Kesho yake alikuja na Adut. Wiki haikuisha, watu wakawa wanapanga foleni hadi nje, na Ayuen akawa anasimamisha gemu kila jioni kwenye jiwe lile ili watu wataje wa kwao. Wanyarwanda walikuja, Wasomali walikuja, hata mama mmoja wa kwetu aliyeibiwa ng'ombe na kuuawa mume. Kila nilipotaka kusema ukweli, nilikuta uso mpya kwenye mlango.

Habari zikafika kanisani kwamba watu wanaiabudu televisheni. Mchungaji hakukasirika kama ulivyosikia. Alimwomba Ayuen ailete ile mashine uwanjani baada ya ibada ili kila mtu aone kwa macho yake. Ilikuwa tarehe tisa Juni. Wakaiwasha, wakafika kwenye jiwe, na mwalimu Nyawal, anayefundisha shule ya Jumapili, akaombwa asome. Alisoma polepole kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya akina Akuei. Nilisikia cherehani ikigonga mbali huko sokoni. Mchungaji akanisimamisha akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua tangu siku ya kwanza.

Adut alifunika uso kwa leso. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Akuei alichukua kofia yake akaenda.

Siku ya tatu nilimfuata kwenye cherehani yake kumwomba msamaha. Hakuinua kichwa. Nilimwambia nilimdanganya kwa sababu ya huruma. Hapo akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

“Huruma kwa nani?” akaniuliza. “Mchana mmoja wa joto nilirudi kuchukua tepu yangu ya kupimia. Nikakuona peke yako mbele ya lile jiwe. Wewe ulijua halisikii, na bado ukamwambia mtu anaitwa Ekal akusamehe. Huyo Ekal ulimfanya nini?”

Niliondoka kama mwizi. Hajarudi kibandani mpaka leo. Adut hunisalimu tukikutana bombani, mumewe hapana. Lakini swali lake limenifuata mwezi mzima, jikoni, njiani, kitandani, na sasa nalijibu kwako.

Helen, Lotiir hakumtuma Ekal ziwani.

Asubuhi ile ya Machi, 2010, upepo ulikuwa umeanza kupiga tangu alfajiri. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa yamefika Kalokol na sikuweza kungoja hata siku moja. Nilimwambia Ekal ndugu yetu avuke anichukulie karatasi. Alikataa. Alisema maji ni mabaya, na kwamba Lotiir amemwonya asiiguse boti yake siku hiyo. Nikamcheka mbele ya wenzake. Nikamwambia kama anaogopa maji akachunge mbuzi na watoto. Alinitazama, dada, kisha akasukuma boti. Baadaye kidogo Lotiir akaja ufukweni akaniuliza boti yake iko wapi. Nikasema sijui.

Jioni, maji yakiwa yameshamchukua, mlipouliza, nilisema nilikuwa nimelala. Mkasema ni Lotiir, maana boti ni yake. Alipokana mlimwita mwongo, nami nilikuwa nimekaa pale pale. Ulipomrudishia shanga za uchumba alizokuletea, ni mimi uliyenituma nizipeleke. Nilizipeleka. Alizipokea kwa mikono miwili, akahama Longech wiki hiyo hiyo.

Yuko hapa Kakuma. Ni fundi wa mabomba ya maji. Mwaka mzima nimekuwa nikimkwepa, nikimwona barabarani nashuka nipite lagani, kwenye mto mkavu. Jumanne iliyopita nilimtafuta mwenyewe. Nilimkuta juu ya tangi akikaza bomba, nikamwambia yote akiwa huko huko juu, kwa sababu niliogopa akishuka sauti itanikauka. Aliendelea kukaza mpaka akamaliza. Aliposhuka aliniuliza kitu kimoja tu, kama Helen anajua. Nikasema hapana.

Akafuta mikono kwenye suruali. “Nina mke sasa,” akasema, “na mtoto. Hakuna kitu nataka kwenu. Lakini mwambie Helen kwanza, kabla ya mzee, kabla ya mtu yeyote. Yeye ndiye aliniangalia machoni akasema mimi ni muuaji.”

Basi nimekuandikia wewe kwanza. Ijumaa nasafiri kwenda Longech kumwambia baba mbele ya wazee, jina la Lotiir lisafishwe pale pale lilipochafuliwa. Nitapita Lodwar saa saba mchana. Kama hutaki kuniona, usitoke. Nitasimama langoni kidogo tu, kisha nitaenda. Ukitoka, sema lolote, au nipige, sitakukimbia.

Wasalimie akina mama unaofanya nao kazi. Dawa ya macho uliyonitumia ilifika salama, asante. Mungu akulinde hata kama mimi sikukulinda.

Ni mimi mdogo wako,
Amuria