Majina Yaliyoonekana Pasipostahili

Mtaa wa Larch 14,
Northport, New York.
9 Machi 2017

Mpendwa Shangazi Solveig,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na theluji ya Duluth imekuachia hata mlango? Sisi wazima. Mume wangu Desmond amepona mafua na amerudia kulalamika kwake.

Uliniuliza kwenye simu ninafanya nini hasa maabara. Shangazi, tunatafuta kila seli ya ubongo wa panya inampelekea nani habari. Tunaingiza kirusi kilichodhoofishwa, kinachoipa kila seli jina lake la herufi za vinasaba. Seli hulisafirisha jina hilo hadi kwenye ncha za nyuzi zake. Kisha mimi naukata ubongo vipande vidogo, na mashine inasoma majina yaliyomo. Jina likikutwa mahali, ujue seli ile imefika huko.

Desemba tulipata matokeo ya kushangilia. Seli tulizodhani zinafika mahali pamoja tu zilifika panne, patano. Mkuu wetu, Dk. Ruth Abelson, akaanza kuandika makala.

Mimi nikayaona majina kumi na moja katika kipande ambacho seli hizo hazifiki kabisa. Nilijua papo hapo. Siku ya kuukata ubongo ule nilikata vipande kadhaa bila kubadilisha wembe, nao ukabeba majina ya kipande kimoja hadi kingine.

Kazi ya miezi mitatu! Usingizi ulinikimbia, lakini asubuhi nilisema mbele ya wote.

“Ni wembe wangu, Ruth. Usiandike kwanza.”

Akavua miwani. “Una hakika, Corinne?”

“Ninayo.”

Pradeep, msimamizi wa mashine, akadakia, “Mwenye bucha gani huyu hafuti kisu?” Watu wakaangua kicheko, nikatamani ardhi inimeze.

Ruth hakucheka. “Tunaanza upya,” alisema. “Na atakayekata ni yeye yeye.”

Nimekata wiki sita, kila kipande na wembe wake. Juzi majibu yakatoka. Kipande kile: sifuri. Na zile seli? Zinafika kulekule, panne, patano, nyingine hata pahali sita! Sasa naweza kumtazama mtu yeyote usoni nikamwambia ndivyo zilivyo.

Jumatatu naanza kuwafundisha wapya kukata. Somo la kwanza nimeshaliandaa: kosa langu, na jina langu juu yake.

Nisalimie binamu Ingrid na pacha wake. Mungu akushike mkono kwenye barafu hiyo.

Mwanao anayekupenda kila siku,
Corinne