Stroberi za Mama Omosa

Jumatatu, 3 Februari

Siku imeanza na habari! Kipyegon jirani amenifuata hadi shambani. Kuna Wazungu wanatafuta watu wa kuchuma stroberi kwao Uingereza. Miezi sita, halafu mtu anarudi nyumbani. Wanataka watu wa majani chai kwa sababu wamesikia mikono yetu ni miepesi.

"Mokaya, hii kazi ni yako," akasema.

Na kweli ni yangu. Nani hapa Kapkatet hajui mkono wangu? Nimemwambia mke wangu, Nyambeki. Akauliza tu nitavaa shati gani.

Jumatano, 5 Februari

Aibu. Na maajabu pia, lakini wacha nianze na aibu.

Tulijaribiwa kwenye grinihausi ya Bwana Kipkosgei. Sijawahi kuingia humo. Mimea inaning'inia hewani! Mizizi iko kwenye mifuko, udongo hakuna, na matunda yanashuka mekundu mbele ya kifua cha mtu. Nilivua kofia kama niko kanisani.

Mzungu mwenyewe, mama mmoja mrefu, akatuonyesha: shika kikonyo, vunja, laza kwenye trei. Rahisi. Nikaanza na mikono miwili, mbio mbio — na mikono ikafanya ilichozoea. Ikarusha nyuma! Juu ya bega, kwenye kikapu cha mgongoni ambacho hakikuwepo. Stroberi yangu ya kwanza ilimpata ajenti wa hao Wazungu kwenye shati jeupe. Kipyegon naye akarusha. Wote tukarusha! Kila mchuma chai aliyekuwa mle. Sakafu ikawa nyekundu. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nyambeki alikuwa amekuja kuniletea chai tu. Ajenti, akijipangusa, akasema hata huyu mwenye thamosi ajaribu. Basi mke wangu akatafuta nguzo, akaiegemea kwa mgongo. Ndiyo hivyo! Mkono ukitaka kurusha nyuma, unagonga nguzo. Akachuma. Akalaza kila tunda taratibu kama yai, lakini trei ikajaa kabla sijamaliza kushangaa.

Tumeoana siku nyingi na sikuwa nimewahi kumtazama akifanya kazi. Shambani kila mtu ana mstari wake. Leo nimemtazama. Mungu wangu, mikono ile!

Alhamisi, 6 Februari

Kipyegon amepita akiuliza kama Uingereza wana timu ya kurusha. Yeye mwenyewe alirusha mbali kuliko mimi.

Ijumaa, 7 Februari

Ajenti amepiga simu. Nyambeki amepita. Mimi hapana. Jibu lake linatakiwa kesho kutwa ikipita, Jumatatu.

Ametumiwa picha. Tumezitazama pamoja, vichwa vimegusana juu ya simu. Shamba limefunikwa kwa plastiki kutoka kilima hadi kilima, mpaka jicho linachoka. Ajenti anasema mwezi wa sita huko, saa tatu usiku jua bado halijazama. Saa tatu! Watu wanalala wakati gani? Nilitoka nje nikatazama hili jua letu likizama kwa wakati wake, nikalihurumia.

"Baba Omosa, wewe unasemaje?" akaniuliza.

Nikasema ni juu yake. Nilisema vizuri, kwa sauti ya mtu mkubwa. Lakini hapa naweza kuandika: sitaki aende. Naogopa. Macho yakishaona hayo yote, yatarudi kutazama hili paa letu vipi?

Jumapili, 9 Februari

Leo baada ya kanisa Mama yangu, Mellen, alimwambia Nyambeki asihofu, Omosa atakula na kulala kwake. Kwa hiyo mtoto si shida tena. Amebaki ng'ombe wetu, Sabina. Hakubali mkono mwingine, ni Nyambeki peke yake. Asipokamuliwa naye anabana maziwa, mwisho atakauka kabisa. Nyambeki anasema hawezi kuacha nyumba bila maziwa ya mtoto.

Nilifurahi! Nilimpenda Sabina leo kuliko siku zote. Bana, mama, bana kabisa.

Jioni akanipa ndoo. Nikajaribu. Teke! Ndoo huku, mimi kule. Nikainuka nikijipangusa, moyoni nacheka. Nyambeki akafungua lesso kiunoni akanirushia.

"Vaa."

"Nivae nini?"

"Vaa, Baba Omosa. Atasikia harufu yangu."

Nikavaa. Mwanamume mzima! Kipyegon alikuwa kwenye ua, akaona yote. Nikachutama. Nikaimba ule wimbo wa Nyambeki wa kukamua, nikiukosea. Sabina akageuza kichwa, akaninusa, akashusha pumzi ndefu.

Ningeweza kukamua vibaya. Nani angejua? Lakini maziwa yalipoanza kushuka, ya moto, yenyewe, kwangu mimi — vidole havikukubali kuharibu. Jambo kubwa, mnyama kukuamini hivyo. Nilisikia machozi.

Nyambeki alikuwa mlangoni akicheka mpaka ameshika mbavu. Ndoo ilipoanza kulia kwa kujaa, akasogea akachungulia ndani.

"Kumbe anakubali," akasema polepole.

"Anakubali," nikasema.

Sasa amekaa kitandani, simu iko mkononi, jina la ajenti liko wazi. Hajapiga. Ananitazama nikiandika. Nimeangalia chini sasa hivi — bado nimevaa lesso yake.