Baba, Gari Lako Limemfikisha Neema Kanisani

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa Maguu, kwa wakwe zetu, mikono bado inanuka dizeli. Nje wanacheza ngoma. Nimeshindwa kukaa bila kukusimulia.

Leo nimemleta mdogo wangu Neema kwenye harusi yake kwa gari lako, pikapu lile lile kuukuu ulilobebea samaki miaka yote. Ulipotutoka, Baba mdogo alitaka tuliegeshe tu. Mama akanipa mimi funguo. Basi asubuhi tukaondoka kwetu Lituhi, ziwani: Neema na Mama mbele, Baba mdogo nyuma na akina mama wa kwaya, nyimbo hazikatiki.

Tulipoanza kupanda milima, mshale wa joto nao ukapanda. Baba mdogo akagonga paa: "Kanyaga mafuta, padri anasubiri!" Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia, "Likichemka, simama. Ukilazimisha utaua injini, au utaua watu." Nikasimama.

Baba mdogo akaruka chini, akafungua boneti, akashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Baba, sijawahi kumpigia mkubwa kelele. Leo nimepiga! "Baba mdogo, toa mkono! Shikamoo, lakini toa mkono!" Akanigeukia kwa hasira, akarudi nyuma. Hapo hapo mpira wa maji ukapasuka. Maji ya moto yakaruka juu, mvuke ukatufunika. Yangemkuta usoni. Akakaa chini barabarani, halafu akasema, "Mwanangu, niambie la kufanya."

Niambie la kufanya! Yeye!

Tukangoja injini ipoe kabisa. Mpira ulikuwa umepasuka kwenye ncha, nikakata kile kipande kibovu, nikaurudisha, nikakaza bana inayoushikilia. Akina mama wakashuka kijitoni, wakarudi na ndoo za maji huku wanaimba. Nikavuta kijiti cha oili: nyeusi tupu, haijachanganyika na maji. Basi gasketi ya injini haikuungua, Baba! Nikawasha hita ipunguze joto la injini, tukapanda pole pole, vioo wazi. Neema jasho linamtiririka ndani ya shela, poda yote imekwisha, anacheka huku analia. "Dada, mimi nimeshaiva!"

Padri alikuwa bado mlangoni. Vigelegele! Baba mdogo akamshika Neema mkono akaingia naye, shati limejaa masizi. Jina lako lilipotajwa kwenye sala... nikatoka nje kidogo. Kisha nikarudi.

Najua matengenezo yale yalikuwa ya kutufikisha tu. Nakuahidi, sitapakia mtu tena mpaka rejeta isafishwe na mipira yote ibadilishwe. Kesho tunarudi ziwani kwa basi.

Wananiita. Wanasema dada wa bibi harusi hajacheza. Kwaheri, Baba yangu. Naenda kucheza, na zamu yako nitaicheza mimi.

Mwanao