Kwa Baba Yetu Zefania Mwalongo, Aliyeshinda Mara Moja

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Mei moyo wako uliposimama ukiwa unafunga kamba za viatu, tayari kwenda kazini Beltsville, huku ughaibuni. Ng'ombe wa utafiti uliowalisha kwa miaka thelathini na mmoja sasa wanalishwa na mtu mwingine. Tunasikia anawafokea. Wewe uliwasemesha Kibena, na hawakuwahi kulalamika.

Tunakukumbuka kwa upole wako, kwa supu yako ya Jumapili iliyozidi pilipili kila mara, na kwa kwenda kumpokea uwanja wa ndege kila mgeni aliyekuja bila mwenyeji.

Safari hii, lakini, Mama ametuagiza turekebishe jambo. Katika wasifu uliosomwa siku ya mazishi tuliandika kwamba ulicheza mieleka kuanzia 1993 hadi 1996, ukashindwa kila Jumamosi, ukashinda mara moja kwa nguvu ya maombi, kisha ukakata tamaa ukaacha. Tulikosea, na tunaomba radhi.

Wasiokujua waelewe kwamba hukuwahi kuonekana kwenye televisheni. Ulipigana katika kumbi za wazimamoto na za michezo za shule, mbele ya watu hamsini waliokalia viti vya kukunja, nusu yao wakila soseji. Bango lilikutangaza kuwa Jitu la Kongo, wewe mtu wa Makambako. Ulirudi nyumbani umeteguka hiki na kile, Mama akakuchua mgongo huku akisema, "Wiki ijayo Mungu atakuona." Nawe ukajibu, "Amina, Mama Vumilia."

Mama alifunga kila Ijumaa ili ushinde. Miaka mitatu. Wewe hukuweza kula mbele yake siku hiyo. Mwanao Vumilia alikuona mara nyingi pale maegeshoni Hyattsville, umejifungia ndani ya gari na mkate wako, akadhani kuna mtu unamkwepa. Kumbe ulikuwa unaona haya, maana kazi yako ilikuwa kushindwa. Matokeo yalipangwa kabla hamjapanda ulingoni, na miiko ya wenzako ilikataza kumwambia yeyote, hata mke. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Jumamosi moja ya Novemba 1996 Mama akaja bila kukwambia, na akina mama tisa wa kikundi cha maombi, wamejitanda khanga juu ya makoti, wakakaa mstari wa mbele. Siku hiyo ukashinda. Ulimnyanyua mpinzani wako Akinyele, mtu wa kilo mia na arobaini, ukambwaga chini, refa akahesabu hadi tatu. Vigelegele vilivyopigwa pale wazimamoto hawajawahi kuvisikia tena. Wiki iliyofuata ukasema umeacha mchezo. Kwa miaka ishirini na saba Mama akakusema: "Mungu alikufungulia mlango, ukaufunga mwenyewe." Ulicheka, ukaomba chai.

Mwezi uliopita Mama alimwomba Akinyele atoe ushuhuda kwenye ibada yako ya mwaka, aeleze jinsi Mungu alivyomwangusha. Akinyele ni mzaliwa wa huku ughaibuni. Kiswahili alijifunza chuoni, na hadi leo anakisema kama anayesoma kitabu. Alikuja nyumbani Gaithersburg, akakaa sebuleni na kofia yake magotini.

"Mama, siwezi kusema uongo kanisani," akasema. "Mtu wa uzito wangu hanyanyuliki pasipo kupenda mwenyewe. Usiku ule nilipangiwa kushinda. Zefania aliniambia sikioni, 'Mke wangu yuko pale. Jana alifunga.' Kwa hiyo mimi niliruka."

Akatueleza kwamba mwandaaji wa mapambano alikusubiri mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, akakufukuza. Ulisema kosa ni lako peke yako, Akinyele hakujua kitu. Halafu ukamwapisha asije akamwambia Mama.

Mwanao Gregori akajaribu kumtuliza Mama. "Mom, it was all fixed anyway. Yote yalipangwa. Kila mtu alijua."

"Mimi sikujua," Mama akajibu.

Tulidhani atakasirika kwamba alidanganywa, au kwamba kufunga kote kule kulikwenda bure. Badala yake akasema, "Miaka yote ile nilidhani nasema na Mungu peke yake. Kumbe na huyu baba yenu alikuwa ananisikiliza."

Alilia, Baba, kuliko alivyolia siku ya maziko. Anakuomba umsamehe kwa kukuita mtu wa kukata tamaa. Uliupenda ulingo kuliko tulivyojua, ukauacha kwa ajili yake, na hukumsimanga hata mara moja.

Wanaokukumbuka ni mkeo Euphrasia. Watoto wako Vumilia na Gregori. Mjukuu wako Zola. Na dada yako Domina, Makambako. Tulipomaliza orodha hii Mama alituomba kalamu, akaongeza jina moja kwa mwandiko wake, akasema huyu naye ni wa nyumbani: Akinyele, aliyekubali kuanguka.

Utakumbukwa daima, Baba.