Kumbukumbu za Kikao cha Nne cha Familia Kuhusu Bima ya Nyumba Iliyoungua na Bima ya Pikapu

Nakala hii ni ya Katibu. Katibu ni wewe, mjukuu wangu, usijifanye hujui. Vikao vinne umevikimbia, miezi mitatu hujatia mguu hapa, hata salamu unazituma kwa watu. Ndiyo malezi niliyokupa hayo? Daftari lako lilikuwa juu ya kabati la uani, limebabuka jalada tu. Kwa kuwa hakuna mwingine anayelitaka, nimelishika mimi, niliyejifunza herufi kwa kushona majina kwenye kola za wateja. Mwandiko usiucheke. Soma hadi chini.

TAREHE: Jumamosi, tarehe 22, saa tisa alasiri.
MAHALI: Chumba cha uani. Sebule haina paa.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti: baba yako mkubwa, seremala.
2. Mhazini: mkewe, nesi. Alitoka zamu ya usiku, hajalala.
3. Mjumbe: baba yako mdogo, dereva wa pikapu, tunayemwita Breki kwa kuwa ulimi wake hauna.
4. Kaimu Katibu: mimi bibi yako, dobi. Kwa sasa sina pasi.

MWALIKWA: Wakala wa bima, yule mama wa miwani aliyetukatia bima zote mbili.

ASIYEHUDHURIA: Katibu. Bila taarifa, mara ya nne. Kiti chake kiliwekwa.

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao na kuomba wajumbe wasigombane mbele ya mgeni. Wajumbe waliafiki. Haikufika dakika tano.

KUMB. NA. 2/4: MAJIBU YA KAMPUNI KUHUSU NYUMBA
Wakala alisoma barua. Kampuni imekataa kulipa. Sababu ni fomu tuliyojaza. Swali la tisa linauliza kama kuna biashara yoyote inayofanyika ndani ya nyumba, na jibu lililoandikwa ni "Hapana". Mkaguzi wao alipochambua majivu ya sebuleni alikuta pasi mbili za mkaa na vifungo vya chuma vya sare za hospitali, bakuli zima. Moto ulianzia hapo.

Mhazini aliuliza: tulikata bima ya moto, nyumba imeungua kwa moto, sasa wanataka moto wa aina gani? Wakala alieleza kwamba bima ni ahadi juu ya kitu ulichowaambia. Waliambiwa ni nyumba ya kuishi tu. Nyumba ambayo mkaa unawaka kila siku katikati ya nguo ina ada yake, imezidi kidogo, na tungeilipa hiyo leo tungekuwa tunanunua mabati. Alisema pia kwamba hata wangelipa, tulichagua bima ya jengo peke yake. Vitanda, kabati na nguo za watu vina bima yao, bima ya vitu vya ndani, na siku ile tuliiruka kwa kuona ni anasa.

Breki alisema mwenye kosa anajulikana. "Aliyejaza fomu si msomi wetu? Karani wa mahakama! Watu wanafungwa kwa kalamu yake, fomu moja imemshinda. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Basi huyo hapo." Akanyooshea kidole kiti kitupu. Mhazini alimwambia afunge mdomo. Breki alisema mdomo ni wake, hajaukopa. Mwenyekiti aligonga meza. Meza ni ile iliyobaki na miguu mitatu, ikaanguka, na kikao kilisimama hadi karatasi zilipookotwa.

KUMB. NA. 3/4: BIMA YA PIKAPU
Bima ya pikapu inaisha mwisho wa mwezi huu. Wakala alieleza kwamba kuna mbili za kuchagua. Ya kwanza ni bima ya mtu wa tatu: Breki akibomoa ukuta wa jirani, jirani anajengewa ukuta, na pikapu yetu tunaivuta kwa kamba. Ya pili ni bima kubwa: jirani analipwa, na sisi tunatengenezewa, hata ikiibwa au ikiungua. Ila katika bima kubwa kipande cha kwanza cha kila hasara unakibeba mwenyewe. Ukikubali kubeba kipande kikubwa, ada inashuka. Alionya kwamba wengi huchagua kipande kikubwa wakifurahia ada ndogo, na siku ya ajali hawanacho.

Mwenyekiti aliuliza kama gari la umri ule linastahili bima kubwa. Wakala alisema swali la kujiuliza ni hili: likipotea kesho, mtaishi? Tangu moto, hilo ndilo linalotulisha.

Kisha akauliza pikapu inafanya kazi gani.

"Ya nyumbani tu," Breki alisema.

Wakala alichungulia dirishani. Pikapu ilikuwa imepakia makochi na godoro. "Na yale?"

"Kuna mtu anahama. Namsaidia."

"Anakulipa?"

"Ananipa ya mafuta. Na ya chai."

"Kaka yangu, ukilipwa ni biashara. Hapa pameandikwa matumizi binafsi. Ukimgonga mtu leo na makochi yale mgongoni, kampuni inaweza kukuruka kama ilivyoruka nyumba."

"Ile si biashara, mama. Ile ni kubangaiza!"

Mhazini aliuliza ni nani alimwambia Katibu aandike matumizi binafsi. Breki alitazama viatu vyake.

AZIMIO: Pikapu ikatiwe bima ya mtu wa tatu, na kazi yake itajwe kama ilivyo, kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Bima kubwa hatuiwezi. Ikiibwa, imeibwa. Wajumbe wote waliafiki, hakuna aliyefurahi.

KUMB. NA. 4/4: MAELEZO YA KAIMU KATIBU
Kaimu Katibu aliomba nafasi ya kusema, na akaomba maneno yake yaandikwe, kisha akayaandika mwenyewe.

Alieleza kwamba siku ya kujaza fomu alikuwa anapiga pasi sare. Katibu alisoma swali la tisa kwa sauti na kuuliza, "Bibi, wanauliza biashara. Si kuna pasi zako?" Kaimu Katibu alijibu bila kuinua kichwa, "Biashara ni duka. Huu ni mkono wangu. Andika hapana." Katibu akauliza tena, taratibu, kama anavyouliza kila kitu tangu utoto. Akajibiwa, "Mkono huu umelea watu watano bila kuomba ruhusa kwa karatasi. Andika hapana, nguo zinapoa." Katibu akaandika, kwa heshima ya bibi yake.

Vikao vitatu Kaimu Katibu amemsikia mjukuu wake akisemwa, na amekaa kimya, kalamu mkononi. Mchuma janga hula na wa kwao. Hili nililichuma mimi, nikamwachia mtoto ale peke yake.

Breki alisema, "Mama." Alitoka nje kufunga turubai juu ya makochi, ingawa hapakuwa na wingu. Alirudi baada ya dakika kumi, macho mekundu, akasema ni vumbi. Iandikwe vumbi.

KUMB. NA. 5/4: RUFAA
Wakala alieleza kwamba tunaweza kukata rufaa kabla ya tarehe 15 ya mwezi ujao. Yanatakiwa maelezo ya mwenye nyumba, ndiye mimi, na ya aliyejaza fomu, wote wawili wasaini mbele yake. Asipokuwepo aliyejaza, hakuna rufaa.

Mwenyekiti aliuliza kuna matumaini gani. Wakala alivua miwani, akaifuta, hakuivaa. "Nisiwadanganye, jamani. Nimepeleka nyingi za namna hii. Sijaona iliyokubaliwa."

Mwenyekiti alisema basi tunajisumbua bure. Kaimu Katibu alisema ipelekwe. Kampuni imeweka kwenye jalada lake karatasi inayosema mjukuu wangu ni mwongo. Nataka kando ya hiyo ikae nyingine.

AZIMIO: Rufaa ikatwe. Ikikataliwa, kiwanja kiuzwe kabla ya mvua, na Kaimu Katibu ahamie kwa Mwenyekiti, chumba cha watoto. Mwenyekiti alisema hayo akitazama sakafu aliyoitandika mwenyewe. Kaimu Katibu hakupinga. Alipotakiwa kunyoosha mkono, aliunyoosha.

KUMB. NA. 6/4: KUFUNGA
Mengineyo hayakuwepo. Kikao kilikwisha saa kumi na moja na dakika kumi. Mhazini alikuwa amelala akiwa amekaa, na wajumbe waliondoka kwa kunyata.

Mwenyekiti: (amesaini)
Kaimu Katibu: nukta tatu na mstari, alama yangu ya kola
Katibu: ……………… (nafasi yako)

Ukija, mlango wa mbele umepigiliwa mbao, zunguka uani. Usilete kitu, wala usianze na samahani. Njoo na kalamu yako, ukae kando yangu. Yule mama akifika swali la tisa, mimi nitasema kwa sauti, na wewe uandike "Ndiyo".