Trekta Lako Halitoi Jasho Tena

Baba Chelangat,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoanza nacho, wewe Mkipsigis wa hapa na mimi binti wa watu waliotoka Bungoma kuja kuchuma majani ya chai ya wengine. Kikwenu bado nakivunjavunja, na mama yako bado ananicheka.

Tangu tukuzike, sisikii kitu. Watu walilia, mimi niligawa chai. Wakasema nina moyo mgumu wa kuvumilia. Si kweli. Ni kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi, ila ni mwili mzima. Nachuma majani, nakama ng'ombe, kanisani naimba na sauti inatoka vizuri tu, lakini ni kama anayeimba ni mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu.

Kitu kimoja sikukiacha. Kila asubuhi kabla ya kukama nilienda kwenye kibanda cha trekta, nikatoa ule mkebe chini ya gurudumu la nyuma la kushoto, nikachuja mafuta yaliyodondoka usiku na kuyarudisha ndani, kama ulivyokuwa ukifanya. Miaka yote nilikuambia ekseli inavuja. Nawe ukanijibu, "Hiyo si kuvuja, Mama Chelangat. Inatoa jasho tu. Hata wewe ukipanda kilima si unatoa?"

Sasa sikia habari ya ndugu yako Zakaria. Alikuja akakaa kwenye kiti chako bila kuulizwa, akasema amepata mtu wa Siongiroi wa kununua trekta kama chuma chakavu. Mafuta ya ekseli yameingia kwenye breki, akasema, na iko siku litanishinda kwenye mteremko wa mto, Chelangat abaki bila baba wala mama. Nilitaka kumkasirikia, nikakosa hasira. Na juu ya breki alisema kweli. Lakini bila trekta, majani yatafikaje kituo cha kuuzia chai? Maziwa yatafikaje barabarani? Kwa mgongo wangu huu. Nikamwambia aniache nilitengeneze kwanza. Likisimama kwenye mteremko, linabaki. Likikataa, amlete mtu wake.

Alikubali haraka. Alijua hakuna fundi atakayepanda huku kwa sababu ya kitrekta cha bustani, ambacho mzungu wa Boito alikuwa anakatia nyasi zake kabla hajafunga virago. Akasahau ni nani aliyekuwa anakushikia nati kwenye leso kila ukilifungua.

Nikapiga jeki, nikaweka mawe mbele na nyuma. Nati za gurudumu zilikuwa na kutu, nikazisimamia juu ya spana kwa uzito wangu wote, na unajua uzito wangu, ulikuwa ukiutaja mbele ya wageni. Nikatoa gurudumu, nikatoa breki, nikaifikia sili, ule mpira wa mviringo unaozuia mafuta yasitoke. Ulikuwa mgumu kama ukoko wa ugali. Nikauchokonoa kwa bisibisi mpaka ukatoka.

Nyuma yake kulikuwa na kitu kingine. Duara la ngozi, limekatwa kwa kisu, jeusi kwa mafuta. Nikalikwaruza kwa ukucha. Jekundu. Pembeni lilikuwa na mshono.

Baba Chelangat! Mkoba wangu mwekundu wa kanisani! Ule aliouleta dada yangu siku ya harusi yetu, kisha siku moja nikaukuta chini ya kitanda hauna kifuniko chake cha ngozi. Uliapa ni panya. Ukasema panya wa siku hizi hawaogopi hata vitu vya kanisa. Ukaenda kuazima paka kwa jirani, na paka wa watu akakaa kwetu msimu mzima anakunywa maziwa ya bure. Kumbe ulikuwa unajua linavuja. Kumbe ulijaribu kuziba, likakushinda, ukaona heri uniambie ni jasho.

Nilicheka, nikiwa nimepiga magoti kwenye matope ya mafuta. Nilicheka mpaka mama yako akaja mbio, akanishika kichwa kwa mikono miwili akaanza kuomba, akidhani akili zimeniruka. Sikuweza kumweleza. Halafu kicheko kikaisha, nikanawa mikono, ganzi ikarudi palepale.

Nikaifunga ile sili ya zamani kwenye leso, nikaenda nayo Kapkatet kutafuta inayolingana. Mwenye duka akaipima, akaniangalia, akauliza, "Na bwana yako iko wapi, mama, mpaka anatuma wewe kitu kama hii?" Nikamwambia yuko nyumbani. Sikudanganya. Uko hapa juu ya shamba la kabeji, naliona kaburi lako nikiwa jikoni.

Sili mpya niliiingiza kwa kipande cha mbao, nikigonga kidogo kidogo kuzunguka, maana ulizoea kusema ukigonga upande mmoja inaingia imekasirika. Breki nikaziosha kwa petroli, nikazipiga msasa. Jumamosi nikapakia trela magunia ya majani nikashuka kuelekea mtoni. Zakaria alikuwa amesimama chini kabisa, mikono kifuani. Nilipokaribia, akasogea kando kwanza. Nikakanyaga breki. Likasimama pale pale, halikuteleza hata kidogo. Akasema, "Haya basi, shemeji," akapanda nami nyumbani kunywa chai. Alikaa kwenye kiti cha wageni.

Nilidhani nitafurahi. Sikusikia kitu.

Asubuhi ya Jumapili nikaenda kibandani kama kawaida, nikainama, nikatoa mkebe. Ulikuwa mkavu. Nikaugeuza, nikapitisha kidole ndani, hakuna hata tone. Nikasimama nao pale sijui nifanye nini. Mafuta yale yalikuwa kazi yako, nami kila siku nilikuwa nakushikia tu mpaka urudi. Sasa hapakuwa na kazi ya kukushikia. Nikakaa chini karibu na gurudumu, nikalia kwa sauti, ng'ombe wakalia zizini wakitaka kukamwa, nami nikalia. Naumia, Baba Chelangat. Naumia sana. Nimekukosa.

Trekta haliuzwi nikiwa hai, hilo nakuahidi. Na Chelangat nitamfundisha kugonga sili isiingie imekasirika.

Lala salama, mume wangu. Mkoba nimeutoa chini ya kitanda, nimeupangusa vumbi. Nitaubeba kanisani hivyo hivyo bila kifuniko, na wakiniuliza umefanywa nini, nitawaambia ni panya.

Mkeo,
Mama Chelangat