Zulia la Sala Limewasimamisha Wageni Wangu

Mpendwa Mama Dekyi, naomba unisaidie kabla sijaachwa na mwalimu na mume kwa mpigo. Naitwa Norzom, nakaa hapa Boudha, mtaa wa Watibeti, zamani nilichora vibao vya mikahawa ya momo, zile sambusa za kupikwa kwa mvuke, nikajiunga na darasa la hati ya Kitibeti la mtawa mzee, mwalimu Lodoe, kwa sababu tu chumba chake kina jiko la kuota moto na changu hakina, lakini siku nilipovuta herufi kwa kalamu ya mwanzi ikasimama sawasawa nililia, na tangu hapo sikosi darasa, nikaanza kubuni mazulia ya karakana ya mume wangu Jamyang, na juzi tukamaliza zulia la kukalia lenye sala ya huruma kwa nyuzi za dhahabu, nikamwalika mwalimu chakula awe wa kwanza kulikalia, naye akalitazama akabaki wima, wageni nao wakabaki wima, tukala supu ya tambi tumesimama kama watu wanaosubiri basi, mama mkwe akinikata jicho, mpaka mwalimu akauliza kwa upole, “Binti yangu, hii sala unataka niisome kwa makalio?”

Jamyang akamjibu, “Mwalimu, hiyo ni sufu tu. Kaa, supu inapoa.”

Mwalimu akaweka bakuli, akaenda zake, na sasa nikibisha hodi kwake hafungui. Jamyang ameshawaahidi watu wa hoteli mazulia mengine kama hilo. Mwalimu hajakosea, najua, lakini sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nifanyeje?

Mama Dekyi anajibu: Norzom, nimecheka, kisha nimekasirika. Kupenda herufi umependa kweli, hilo naliamini, ila ulitaka kusifiwa haraka hadi ukasahau zinasema nini. Umelelewa Boudha, hata kipande cha gazeti chenye sala kikiwa chini hukikanyagi wala hukiruki. Usijifanye mgeni.

Zulia usilichome wala usilifiche. Litundike ukutani, juu ya vichwa vya watu, uzuri wake haupungui. Jamyang mwambie wewe mwenyewe, leo, kwamba hoteli itapata mazulia yenye picha za mawingu na simba wa theluji. Simba hana neno akikaliwa. Kisha nenda kwa mwalimu mikono mitupu, bila machozi na bila mumeo. Sema “nimekosea” ukiwa mlangoni, halafu nyamaza. Asipofungua, rudi kesho. Jamyang akinuna, mwache anune. Mume aliyenuna hurudi mezani akisikia njaa, lakini mwalimu wa namna hiyo ukimpoteza hupati mwingine.